Adhuhuri Matsangoni



Wasomaji wetu wanaosafiri mara kwa mara baina ya Mombasa na Malindi wanaijua Matsangoni kwa dirishani tu. Ukishavuka daraja la Kilifi na kuuacha mji, ukapita Tezo, Ngerenya na Roka, hutokea maduka pande mbili za barabara, wauza maembe na madafu, vijana wa bodaboda waliojipumzisha vivulini. Na kabla hujamaliza kutazama, umeshapita. Gari linaelekea Mida na Gede, na moyo wa msafiri umeshatangulia Malindi. Sisi nasi tuliijua hivyo kwa zaidi ya miaka 30. Mfungo Sita huu uliopita ndipo tulipoijua kwa kuikalia, tena si kwa hiari.

Tulikuwa tukienda Maulidi Malindi na wanafunzi wa madrasa yetu. Gari lilikuwa la abiria 14, la aina ile ile tunayoipanda kila siku, na dereva wake ni kijana tuliyemsomesha sisi wenyewe Juzuu Amma. Tulipohesabiana tukajikuta watu wazima tisa na watoto 12, mbali na yeye dereva. Nyuma palikuwa na magunia mawili ya mchele, sufuria la pilau, masinia, matari na mabegi. Kijana alilizunguka gari, akasimama nyuma yake, akasema kwa adabu, "Maalim, gari limeinama."

Tukamjibu kwamba watoto hawana uzito, mwendo si mrefu, na Maulidi hayangoji mtu. Tukamwambia Mwenyezi Mungu ndiye mlinzi. Naye, kwa kuwa tulimlea tusijibiwe, akanyamaza na kuwasha gari. Hadithi ya yule bedui aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) kama amwachie Mungu ngamia wake bila ya kumfunga, akaamrishwa amfunge kwanza ndipo ategemee, tumeisomesha mara zisizo na idadi. Asubuhi ile haikutujia.

Baada ya Roka gari likaanza kuyumba kwa nyuma, kama mtu aliyevaa kiatu kilicholegea. Harufu ya mpira ulioungua ikaingia ndani. Dereva hakufunga breki kwa ghafla. Aliondoa mguu kwenye mafuta, akashika usukani kwa mikono miwili, akaliacha gari lipungue mwendo lenyewe mpaka likatulia kando ya barabara, mwanzo wa Matsangoni. Tukawateremsha watoto tukawakalisha mbali na lami. Mmoja wao, mtoto pekee wa mama yake, alituuliza kama tumefika.

Chini ya mkorosho palikuwa na fundi wa pancha, kijana wa Kigiriama, na tairi kuukuu limesimamishwa kuwa ndiyo alama ya duka. Hakuanza na geji. Alianza kwa kuyagusa matairi yote manne kwa mgongo wa mkono, kama mama anavyompima mtoto homa. Alipofika la nyuma kushoto mkono ukaruka. Kisha akapima, akatuonyesha: 31. Akafungua mlango wa dereva, akaashiria kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango, ambacho tangu gari linunuliwe hakuna kati yetu aliyewahi kukisoma. Kwa magurudumu ya nyuma hesabu iliyoandikwa pale ilizidi 40.

"Na hii 31 ni ya moto, Ustadhi," akasema. "Likipoa itashuka tena."

Tukamwomba atueleze, maana tulidhani tairi laini ni raha kwa abiria. Akalibonyeza ubavuni kwa kidole gumba. Upepo ukipungua, ubavu wa tairi hujikunja na kujikunjua kila gurudumu linapozunguka, mamia ya mara kwa kila kilomita. Mpira unaokunjwa hivyo hupata joto, na joto hulegeza gundi inayoshikanisha tabaka zake. Mzigo ukizidi, mkunjo huzidi. Mwendo ukizidi, mikunjo huongezeka kwa dakika. Na lami ya pwani saa sita mchana haina msaada wowote. Tairi halipasuki kwa sababu ya msumari mmoja barabarani. Limekuwa likipasuka tangu asubuhi, ndani kwa ndani, na mlio tunaousikia ni mwisho wa habari. Ubavu wa tairi letu ulikuwa tayari umefanya uvimbe mdogo, wa ukubwa wa kokwa la tende. Fundi alisema hilo halizibwi wala halijazwi, linaondolewa.

Spea ilikuwapo, nayo ilikuwa laini kuliko lile tulilolivua. Akaijaza, akaipaka maji ya sabuni kwenye valvu kutazama kama inavuja, kisha akatuonyesha ubavuni tarakimu nne zilizo ndani ya duara refu: mbili za kwanza ni wiki liliyotengenezwa tairi, mbili za mwisho ni mwaka. Mpira huzeeka hata ukikaa bila kazi, na wapo wanaonunua matairi ya mitumba yenye meno marefu na umri mkubwa, wakaona wamepata. Karibu na ukubwa wa tairi kuna hesabu nyingine, kwa magari kama letu aghalabu 106/104. Maana yake ni kuwa tairi likiwa peke yake upande mmoja wa ekseli limeahidi kubeba kilo 950, na yakiwa mawili mawili kila moja kilo 900. Ahadi hiyo ina sharti: upepo uwe kamili. Ukipungua, mkataba umevunjika, na aliyeuvunja si tairi.

Hapo ndipo tulipoketi juu ya gunia la mchele tukafanya hesabu ambayo ingefaa tuifanye Mombasa. Abiria 14 na dereva, kila mmoja akikadiriwa kilo 70, ni kilo 1,050. Sisi watu wazima kumi pamoja na dereva tulikuwa kilo 700. Watoto 12, kila mmoja kwa kilo 35, ni 420. Hao ndio tuliosema hawana uzito. Mchele kilo 100. Sufuria, masinia, matari na mabegi tukayakadiria 80. Jumla 1,300. Tulikuwa tumezidisha kilo 250, sawa na magunia matano ya mchele juu ya yale mawili, na tukayapakia kwenye gurudumu lililopungukiwa na robo ya upepo wake au zaidi.

Tukaamua watoto wote 12 waende na walimu wawili, pamoja na vyombo na mchele, kila mtu kwenye kiti chake. Sisi wazee saba tukabaki. Dereva aliahidi kurudi kutuchukua. Baada ya kuswali Adhuhuri tukarudi kwenye mkorosho, na hapo Matsangoni ikaanza kujionyesha.

Ni mahali pa hewa njema. Upande wa mashariki njia inashuka kwenda Uyombo na bahari. Kuelekea kaskazini kuna mikoko ya hori la Mida. Na upande wa bara umelala msitu wa Arabuko-Sokoke, wa kilomita za mraba kama 420, ambao barabara inaufuata ukingoni kabla ya kufika Gede. Mji wa kale wa Gede, uliotiwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2024, una misikiti na visima vinavyotuonyesha kuwa wazee wetu walijenga wakijua uzito wa jiwe na nguvu ya ukuta. Lakini anayekaa Matsangoni hatazami magofu. Anatazama barabara.

Yalipita malori ya mawe ya kujengea kutoka machimboni, springi zake zimenyooka kwa mzigo hadi zikakaribia kupinda upande wa pili. Yalipita ya chumvi kutoka Gongoni na Marereni. Sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari imeweka mwisho wa tani 56 kwa lori kubwa na mzigo wake, na tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne. Wahandisi nao waliona katika majaribio kwamba ekseli ikibeba mara mbili ya kiasi chake, madhara kwa barabara hayawi mara mbili, hukaribia mara 16. Mashimo tunayoyalaani tumeyachimba kwa matairi. Ikapita bodaboda yenye baba, mama, watoto wawili na kuku. Hiyo hatukuifanyia hesabu.

Matatu nne zilisimama kutupakia. Zote zilikuwa zimejaa, na kila utingo alituambia neno lile lile: "Ingieni wazee, mtabanana." Mwaka 2004 kanuni za Waziri John Michuki zilipoanza kutumika, za mkanda kwa kila kiti na mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa, tulidhani neno hilo limekwisha. Limerudi kwa sababu sisi abiria tuliliita lirudi. Mwenzetu mmoja mwenye maumivu ya goti alitaka kupanda ile ya tatu. Tulimtazama, akaketi.

Katika kungoja tukamkumbuka Qadhi Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 450 Hijria, ambao ni 1058 Miladia. Katika kitabu chake juu ya hukumu za utawala anaitaja miongoni mwa kazi za muhtasib kuwa ni kuwazuia wenye vyombo wasipakie kuliko vinavyochukuliwa, kwa kuhofia kuzama, na wasisafiri wakati wa upepo mkali. Kwa wanavyuoni wetu, basi, kuzidisha shehena ni munkari unaokatazwa hadharani, sawa na kupunja kipimo sokoni. Nasi watu wa Mombasa hatuhitaji kwenda Baghdad kutafuta ushahidi. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ilipinduka Mtongwe ikiwa imejaa kupita kiasi, wakafa watu 272. Sisi tulikuwa vijana. Tulisimama ufukweni miongoni mwa waliokuwa wakingojea maiti, na tukaapa hatutapanda tena chombo kilichozidi. Kiapo kile tulikiwekea bahari peke yake, kumbe.

Ipo pia habari ya ngamia wa Madina. Mtume (s.a.w.) aliingia katika shamba la mtu wa Ansari, ngamia alipomwona akalia, machozi yakamtoka. Akampapasa mpaka akatulia, kisha akauliza ni wa nani, na akamwambia mwenyewe kuwa mnyama huyu analalamika kwamba unamshindisha njaa na kumchosha kwa kazi. Gari letu nalo lilishindishwa njaa ya upepo na kuchoshwa kwa mzigo. Halina macho ya kulia. Lilia lake ni harufu ile ya mpira, na kabla ya hapo lilikwisha tumia ulimi wa kijana wetu aliyesema limeinama.

Fundi alikuwa na mengine ya kutusomesha, nasi tulikuwa na wakati. Upepo upimwe asubuhi kabla ya safari, baada ya Alfajiri ndiyo saa bora, matairi yakiwa baridi. Tairi la moto lisipunguzwe upepo kwa kuwa geji imepanda, kwani likipoa litakuwa limepungukiwa. Hata tairi zima hupoteza ratili moja au mbili kwa mwezi pasipo pancha. Lililolegea huliwa kingo mbili, lililojazwa kupita kiasi huliwa katikati, na hili la pili si dawa ya kuzidisha mzigo, ingawa wenye pickup wengi humwomba awatilie "mpaka ligume." Wengine hukasirika akikataa, wakaenda kwa jirani. Tulimuuliza geji yake inauzwa kiasi gani. Bei aliyotutajia ilikuwa chini ya pesa tulizotumia kwa halua ya njiani.

Kabla ya Alasiri simu ikalia kutoka Malindi. Watoto walikuwa wamefika na wameshaketi kwenye sinia. Tukampigia yule mama wa mtoto pekee, tukamweleza yote, pamoja na maneno yetu kwa dereva asubuhi. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Maalim, kurudi nitamfuata mwenyewe." Hatukuwa na la kumjibu, wala hatukujaribu.

Dereva alirudi jua limeanza kulainika juu ya msitu. Alishuka, akatusalimu kwa mbali, na kabla ya kutufikia akazunguka gari akiinama gurudumu baada ya gurudumu, akiyagusa kwa mgongo wa mkono. Tulisubiri amalize ndipo tukasimama.