Mlima haujahama, amka mapema uupige picha

WEWE unayeishi Ruiru au Thika, ni lini mara ya mwisho ulipouona Mlima Kenya kwa macho yako? Usiniambie kwamba uko mbali. Kutoka Thika hadi vilele vyake ni kilomita 100 hivi, na kutoka Ruiru zinaongezeka kidogo tu. Batian, kilele kirefu kuliko vyote, kina mita 5,199. Kinachokificha ni mawingu, vumbi na, siku hizi, majumba yetu.

Mama yangu alichuma kahawa Ruiru kwa miaka mingi. Husema kwamba wachumaji walipofika shambani alfajiri walitazama kaskazini kwanza. Mlima ukiwa wazi waliamkuana kwa furaha. Ukiwa umefunikwa walijifunga shuka na kuanza kazi kimya. Tangu upanuzi wa barabara kuu ya Thika ukamilike mwaka 2012, mikahawa mingi imeng'olewa na nyumba za ghorofa zimechipuka mahali pake. Sasa mama anakaa nasi, na dirisha lake linatazamana na ukuta wa jirani. Binti yangu naye aliujua mlima huo kwa kuuona katika nembo ya taifa, chini ya miguu ya simba wawili.

Ndiyo sababu nilianza kupanda juu ya paa na kamera.

Ikiwa unayo lenzi ya kuvuta mbali, zingatia haya. Kwanza ni wakati. Jua huchomoza mnamo saa kumi na mbili na nusu. Uwe umesimama mahali pako nusu saa kabla. Mlima utauona mweusi kama uliokatwa kwa makasi, kisha mwanga utatoka kulia kwako na kugusa vilele kwanza. Usichelewe, maana jua likipanda, mawingu nayo huupanda mlima, na hewa iliyopashwa moto huchezacheza hadi picha ikatoka kama iliyopigwa ndani ya maji. Januari na Februari ni miezi mizuri, hasa mvua ikiwa imeosha vumbi usiku.

Pili, isimamishe kamera juu ya miguu mitatu. Lenzi inayokuza mlima hukuza pia mtetemeko wa mkono.

Tatu, kwa umbali huo lenzi ya milimita 300, kwenye kamera ya filamu ya milimita 35, hushika upana wa kilomita 12 tu. Ukitaka safu nzima, kuanzia milima ya Nyandarua kushoto hadi Mlima Kenya, piga picha kama 12 mfululizo. Kila moja irudie thuluthi ya iliyotangulia, na vipimo vya mwanga usivibadilishe. Kompyuta itaziunganisha.

Mwaka 2020 picha za Mlima Kenya zilizopigwa kutoka Nairobi, mlima ukiwa nyuma ya majumba ya jiji, zilizua ubishi mkubwa. Wengi walidai ni za kubuni. Lakini ukirudi nyuma mbali na jumba, jumba hupungua machoni, ilhali mlima ulio mbali sana haupungui. Lenzi hiyo hukuza vyote viwili kwa kiasi kimoja, na mlima ukaonekana umesimama pale pale mlangoni.

Picha yangu ya kwanza iliyotoka vizuri nilimpa mama. Aliisogeza karibu na macho, akanyamaza, kisha akauliza, "Mbona weupe wake umepungua?" Hakukosea. Barafu ya Lewis, iliyokuwa kubwa kuliko zote mlimani humo, ilipoteza asilimia 90 hivi ya ujazo wake kati ya mwaka 1934 na 2010. Mjukuu wake alikuwa pembeni akisikiliza. Kesho yake aliomba nimwamshe twende naye juu.

Huenda hatutapanda mara nyingi, kwa sababu kiwanja kilicho kaskazini mwetu kimekwisha kuchimbwa msingi. Nawe msomaji, usingoje wa kwako uchimbwe. Mwombe mwenye nyumba ufunguo wa paa, wavishe watoto masweta, mpande mapema. Picha ikisafishwa, andika nyuma yake tarehe na mahali uliposimama. Watakaoitazama miaka 30 ijayo watataka kujua kwamba mlima ulionekana kutoka hapo.