Spesa za magurudumu na hesabu niliyoiruka

Najua mmezoea kunisoma hapa nikilalamika kuhusu seva na hifadhidata, lakini leo tunashuka chini ya gari. Msikimbie, kuna hesabu ndani yake.

Gari langu ni Subaru Impreza ya mwaka 2006, nililolinunua likiwa limeshapitia mikono kadhaa. Magurudumu yalikuwa yamejificha ndani ya madigadi, nami nilitaka yatokeze kidogo, gari lisimame kama gari. Dawa rahisi ni spesa, kipande cha duara cha alumini kinachowekwa kati ya habu na rimu ili kulisukuma gurudumu nje. Nikanunua nne, unene wa milimita 15, nikazipeleka kwa fundi.

Fundi alifunga ya kwanza, akasita. "Bosi, nati imeshika kidogo tu. Hizi bolti ni fupi."

"Si inakaza?"

"Inakaza."

"Basi kaza."

Mimi niliyesomea kompyuta miaka minne, ninayewakemea wenzangu kazini wakisema "kwangu inafanya kazi", ndiye niliyetamka hayo.

Wiki mbili baadaye nilikuwa nampeleka Mama Naivasha. Limuru tulipita salama. Karibu na Kimende usukani ukaanza kutetemeka, kisha ikaja sauti ya tak-tak mbele upande wa kushoto. Mama akauliza kama sauti hiyo ni ya kawaida. Nikamwambia ni barabara tu. Akanyamaza kidogo, akasema, "Barabara iko pande zote mbili, mwanangu. Simamisha gari."

Bolti moja kati ya tano ilikuwa imekatika. Nati mbili nilizifungua kwa vidole. Hilo la vidole sikukusudia Mama alijue, lakini alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilitoa spesa zote nne palepale kando ya barabara, nikarudisha magurudumu kama yalivyokuwa, kisha nikarudi Limuru polepole na nati nne upande ule. Mama alimalizia safari kwa matatu.

Sasa ile hesabu. Bolti za Impreza hiyo zina kipenyo cha milimita 12, na kila mzunguko mmoja wa nati huisogeza milimita 1.25. Kanuni ya kawaida ni kwamba nati ishike uzi kwa urefu usiopungua kipenyo cha bolti. Gawa 12 kwa 1.25 upate 9.6, tuseme mizunguko kumi. Zangu zilishika minne. Milimita 5! Hesabu ya darasa la tano.

Kosa langu lilikuwa kudhani gurudumu linaning'inia kwenye bolti kama ndoo kwenye msumari. Sivyo. Nati ikikazwa, bolti huvutika kidogo sana, kama springi, na mvuto huo ndio unaoibana rimu kwenye habu. Msuguano wa pale ndio unaobeba kazi. Ubanaji ukilegea, rimu huanza kuchezacheza, bolti inapindwa huku na huku kila gurudumu linapozunguka, mpaka chuma kinachoka.

Nilinunua bolti zilizozidi za zamani kwa milimita 20. (Ukiwa dukani taja hatua ya uzi. Toyota nyingi hutumia 1.5, na magari yetu mengi ni Toyota. Nati ya Toyota kwenye bolti ya Subaru huingia kidogo kisha hugoma, na ukiilazimisha umeua uzi.) Spesa nazo nilibadilisha. Hizi mpya zina tundu la kati la milimita 56.1, zinakaa juu ya habu bila kucheza.

Kazi yenyewe nilifanya Jumamosi, fundi yuleyule akinisimamia. Legeza nati gari likiwa bado chini, piga jeki, weka stendi. Fungua kalipa ya breki na uitundike kwa waya, isining'inie kwa mpira wake. Toa diski. Zungusha habu mpaka upate nafasi nyuma, gonga bolti ya zamani itoke, lakini kwa adabu, beringi haipendi nyundo. Bolti mpya ina meno shingoni. Haigongwi, inavutwa: pachika washa kadhaa na nati ya zamani kwa mbele, kaza taratibu mpaka kichwa kilale kabisa nyuma ya habu. Mulika kwa tochi uhakikishe.

Halafu karibu nirudie kosa lilelile. Nati zangu zilikuwa zile zilizozibwa mwisho, kama kofia. Kwenye bolti ndefu, ncha ya bolti inagonga kofia kabla nati haijagusa rimu. Spana inakwambia imekaza, na rimu iko huru. Fundi ndiye aliyeitikisa akacheka. Tukatafuta nati zilizo wazi pande zote mbili.

Tulikaza kwa mpangilio wa nyota, kwa spana ya kupimia nguvu, newton-mita 90. Baada ya kilomita 100 nilipima tena. Nati mbili zilisogea kidogo, nyingine zilikuwa palepale.

Mama nimemweleza yote, hata ile mizunguko kumi. Alisikiliza vizuri sana. Naivasha bado anaenda kwa matatu.