Laini Tatu, Mtu Mmoja

Binti yangu anasomea shahada ya uzamivu katika takwimu. Mwaka jana chuo kilimpeleka kwa miezi mitatu katika ofisi ya takwimu, achunguze kama kumbukumbu za simu za mkononi zinaweza kuonesha watu wanaoingia na kutoka sokoni. Ofisi za namna hiyo hukaribisha watafiti wapime vyanzo vipya, zikiwemo picha za setilaiti na kumbukumbu za mauzo ya madukani, kabla havijaaminiwa.

Alinieleza hayo dukani kwangu, Mtaa wa Kongo, Kariakoo, baada ya sala ya Alasiri. Nilikasirika.

"Mwanangu, simu yangu imebeba madeni yangu, na sadaka ninazomtumia mtu nisiyependa ajulikane. Nani amewaruhusu kuyapekua?"

Akanijibu kwa adabu kwamba majina na namba hazimfikii. Anachopewa ni jumla tu: laini ngapi zilikuwapo eneo fulani, saa fulani.

"Baba, sensa huja kila baada ya miaka kumi. Ile ya Agosti 23, 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini, na 5,383,728 katika mkoa wetu. Lakini kila mtu alihesabiwa pale alipolala usiku wa kuamkia siku hiyo. Je, wewe unalala Kariakoo?"

Nalala Mbagala. Kumbe kwa hesabu ile, Kariakoo ya mchana, inayojaa hadi pa kukanyaga hapaonekani, haimo.

Nikakumbuka Jumamosi ya Novemba 16, 2024, jengo la ghorofa lilipoporomoka hapa Kariakoo. Tulisimama tukiulizana: waliomo ndani ni wangapi? Kila mtu alitaja idadi yake. Hasira zangu zikapoa, ingawa swali la ruhusa sijalifuta, wala yeye hakuniomba nilifute.

Kisha nikamwonesha jambo. Mimi nina laini tatu: ya biashara, ya kupokelea fedha na ya nyumbani. Mlangoni pangu huketi bibi mmoja auzaye vitumbua, hana simu. Wanawe wakimtafuta, hupiga kwangu.

"Basi kwa hesabu yako," nikamwambia, "mimi ni watu watatu, naye bibi hayupo."

Aliweka kalamu chini, akanyamaza kitambo.

Kesho yake alirudi na daftari. Kwa siku kadhaa alihesabu wapita njia kwa macho, akawauliza waliokubali wana laini ngapi, ili alinganishe na jumla za simu. Mtu wa kwanza kumuuliza alikuwa bibi wa vitumbua. Akaandika: laini, hakuna, mtu, mmoja.

Ndugu msomaji, kuhesabu watu ni amana. Aliyepewa amana hii hutakiwa kuzilinda siri za wanaoonekana, na pia kuwatafuta wasioonekana. Vijana wetu wanaosoma elimu hii tuwaombee dua, na tuwaulize maswali. Huenda jibu wanalolitafuta limeketi mlangoni petu.