Mjusi wa Tendaguru na Kilo Ishirini na Tatu

Warsha yetu ya siku tano mjini Berlin ilimalizika Alhamisi jioni, na ndege yangu ya kurudi nyumbani ilikuwa Ijumaa usiku. Wenzangu waliitumia siku hiyo ya mwisho madukani, kama ada ya msafiri inavyotaka. Mimi nilikuwa na deni la zamani. Tangu utotoni nimemsikia mjusi wa Tendaguru akitajwa shuleni, redioni na bungeni, kila mmoja akimtaja kana kwamba ni ndugu aliyeenda ughaibuni asirudi. Nikaona si haki kuondoka Berlin bila kumjulia hali.

Makumbusho ya Historia ya Asili yapo mtaa wa Invalidenstrasse. Mtu hahitaji kumtafuta mjusi mle ndani. Ukiingia ukumbi mkuu unakutana na miguu yake, kisha unainua shingo hadi ikuume. Kimo chake chapita mita 13. Watoto wa shule walikuwa wamelala chali sakafuni ili wakione kichwa vizuri, nami nusura nifanye hivyo hivyo, ila koti na cheo vikanizuia.

Mifupa hii ilichimbwa kati ya mwaka 1909 na 1913 katika kilima cha Tendaguru, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu kutoka mji wa Lindi. Msomaji azingatie tarehe hizo. Vita vya Majimaji vilikuwa vimezimwa mwaka 1907, na njaa iliyofuata, ambayo watawala waliisababisha kwa makusudi kwa kuchoma mashamba na maghala, ilikuwa imeua watu wengi kuliko risasi. Katika nchi iliyotoka kwenye msiba huo, mamia ya watu waliajiriwa kuchimba, na wengine kubeba. Mifupa ilifungwa kwa mianzi, ikawekwa vichwani na mabegani, ikashushwa hadi bandari ya Lindi. Jumla yake ilizidi tani 200.

Jina la Werner Janensch, mmoja wa viongozi wa msafara ule, limebaki katika vitabu. Jina la mkurugenzi wa makumbusho wa wakati huo, Branca, likapewa mjusi mwenyewe: brancai. Upande wa wachimbaji, jina linalofahamika zaidi ni la Boheti bin Amrani, msimamizi wao na fundi hodari wa kuisafisha mifupa. Naye alisubiri hadi mwaka 2007 ndipo aina nyingine ya dinosaria wa Tendaguru ikaitwa bohetii kwa heshima yake. Wapagazi walikuwa maelfu ya mizigo. Majina yao ni ya kutafutwa kwa tochi.

Sasa nije kwenye jambo lililonikaa rohoni mle ukumbini. Kila suala hili linapozuka kwetu, jibu la wakubwa hufanana: mifupa ni dhaifu, haisafiriki, gharama ni kubwa, nasi hatuna mahali pa kuiweka. Nimeyasikia maneno hayo kwa watumishi wa umma ninaowaheshimu, na yamkini wengine wanasoma hapa. Nawaomba wapime haya.

Mifupa ilipofika Berlin haikusimamishwa mara moja. Mjusi yule alisimama mwaka 1937, yaani miaka 24 baada ya uchimbaji kwisha. Muda wote huo naye alikuwa hana pa kuwekwa, au tuseme kazi ya kumwandaa ilikuwa haijakamilika, na hakuna aliyesema kwamba kwa sababu hiyo Wajerumani hawastahili kuwa naye. Mwaka 1945 mabomu yalibomoa bawa la mashariki la jengo lile lile, likabaki gofu kwa miongo kadhaa, likafunguliwa tena mwaka 2010. Kuhusu kusafiri, mwaka 1984 alipelekwa Tokyo kuonyeshwa, akarudi. Tena miaka ya 2000 alifumuliwa mfupa kwa mfupa, akasimamishwa upya mwaka 2007 kwa mkao mwingine. Huyo ndiye asiyeweza kusafiri.

Na sisi? Fuvu la Zinjanthropus, lililopatikana Olduvai mwaka 1959, limo mikononi mwa Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam tangu mwaka 1965. Halijapotea wala kuliwa na mchwa.

Sisemi kwamba ni lazima arudi kesho. Huenda, baada ya kupima, tukaamua kwamba tunataka kitu kingine: makumbusho ya kweli Lindi, mafunzo ya vijana wetu, sehemu ya mapato, nakala kamili za shajara na barua za msafara. Hayo ni maamuzi ya mwenye mali. Kinachoniudhi ni kuona mwenye mali akikariri sababu za aliye nayo, kwa lugha ile ile.

Jioni nikaenda uwanja wa ndege. Mzani ukasema begi langu lina kilo 25 na nusu, na ruhusa ni 23. Binti wa kaunta, mpole lakini asiyeyumba, akanitaka nipunguze au nilipe. Nikapiga magoti mbele ya foleni nzima, nikatoa vitabu vitatu na kuvisokomeza kwenye mifuko ya koti, huku nikizikumbuka zile tani 200. Hati zake za kusafiria sijui zilikuwaje. Mimi, kwa siku tano, nilitakiwa kuleta barua ya mwaliko, taarifa ya benki, tiketi ya kurudi na bima ya euro 30,000.

Katika ndege ya pili, iliyotushusha Dar es Salaam, nilikaa na kijana mfanyabiashara wa vipuri vya magari. Nikamsimulia. Akacheka sana, akauliza, "Sasa mwalimu, wakiturudishia huyo mjusi tutamlisha nini?" Tukacheka wote. Kisha akanyamaza kitambo, tukiwa pengine juu ya Bahari Nyekundu, akaniuliza swali ambalo warsha nzima haikuniuliza: "Safari ya Tokyo, kiingilio kilichokusanywa kule alichukua nani?"

Sikuwa na jibu. Nililiandika nyuma ya kipande cha tiketi, nikaongeza mengine chini yake hadi tulipoanza kushuka na taa za jiji kuonekana.

Wanafunzi wangu wa mwaka wa pili sasa wana kazi. Kila kundi litaandika barua mbili, moja kwa wizara inayohusika na mambo ya kale na moja kwa makumbusho ya Berlin, kwa Kiswahili sanifu na tafsiri yake. Waulize Boheti bin Amrani alilipwa kiasi gani kwa mwezi, majina ya wapagazi yameandikwa katika daftari gani, na fedha za Tokyo ziligawanywaje. Barua ziwe mezani kwangu Ijumaa ijayo kabla ya saa sita mchana.