Mchezo Usio na Kufuli

Wahenga walinena kuwa mtegemea cha nduguye hufa maskini. Aghalabu methali hii hutumiwa kuwaonya wavivu. Katika kambi ya Dagahaley, kaunti ya Garissa, mambo ni kinyume. Huko mtu hutegemea cha wenzake si kwa uvivu bali kwa hali aliyomo: chakula ni cha mgao, na safari ya kwenda Garissa mjini, mwendo wa takribani kilomita 100, kwa miaka mingi haikufanywa bila kibali. Je, mtu aliyezaliwa mahali kama hapo aweza kukiita kitu gani chake? Kijana mmoja wa Dagahaley alianza kujiuliza swali hili kwa sababu ya jambo linaloonekana dogo, yaani mchezo wa tarakilishi.

Mamaye kijana huyo aliingia Kenya mwaka 1992, mwaka ambao kambi hiyo ilifunguliwa. Serikali ya Siad Barre ilikuwa imeanguka Januari 1991 na Somalia imezama vitani. Kijana mwenyewe alizaliwa kambini, akasomea kambini, na Kiswahili chake ni cha darasani. Kipakatalishi chake alikinunua sokoni kikiwa kimekwisha kupitia mikono mingi. Kilitumia Windows 7, mfumo endeshi ambao mwenyewe aliacha kuuhudumia tarehe 14 Januari 2020. Virusi vilivyosafiri kwa flashi kutoka duka hadi duka vilikuwa vimekidhoofisha, na mfumo mpya zaidi ulikuwa mzigo mzito kwa mashine kongwe kama ile. Rafiki yake wa kambi ya Ifo ndiye aliyemletea flashi yenye Linux.

Inafaa kukumbuka kwamba Linux na kambi ya Ifo ni marika. Mwaka uleule wa 1991 ambapo Ifo ilifunguliwa, mwanafunzi mmoja wa Helsinki, Linus Torvalds, alitangaza kuwa anaandika mfumo endeshi wake. Baadaye aliutoa kwa leseni inayomruhusu yeyote kuutumia, kuusoma, kuubadilisha na kuugawa. Miongoni mwa matawi yake ni Ubuntu, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 2004, nao una jina la Kinguni lenye mzizi mmoja na neno letu "utu".

Mashine ilipata uhai mpya, lakini kila jambo lina gharama yake. Nduguye mdogo, mwenye umri wa miaka kumi na mmoja, alikuja jioni akaketi mbele ya skrini kama alivyozoea.

"Abowe, mpira wangu uko wapi?"

"Mpira ule uliandikiwa mfumo mwingine, walaal."

"Basi urudishe huo mwingine."

Kijana alijaribu. Ipo programu iitwayo Wine, iliyoanza kuandikwa mwaka 1993, ambayo kazi yake ni kama ya mkalimani mahakamani: mchezo huomba kwa lugha ya Windows, nayo Wine huyapeleka maombi hayo kwa Linux kwa lugha inayoeleweka. Tangu 2018 kampuni ya Valve imeijengea juu yake Proton, na michezo mingi iliyokuwa imefungiwa nje sasa huchezeka. Hata hivyo, ukalimani huhitaji nguvu. Katika kipakatalishi kile wachezaji walikimbia kana kwamba wamo matopeni. Michezo mipya ya mpira nayo mara nyingi hudai intaneti na walinzi wa kuzuia udanganyifu, ambao mara nyingi huikataa Linux. Mtoto aliaga bila kinyongo, akaenda kwenye kibanda cha michezo sokoni, mahali ambapo kila mechi hulipiwa. Nyumba ikawa kimya, na kimya hicho kilimuuma kaka yake kuliko alivyotarajia.

Ndipo alipofungua mchezo uitwao The Battle for Wesnoth, ulioanzishwa na David White mwaka 2003 na kutolewa kwa leseni huria. Huo hauhitaji mashine kubwa, kwani wachezaji husogeza askari kwa zamu, mithili ya dama. Katika kisa chake kimoja mashuhuri, mrithi wa kiti cha enzi, Konrad, hulelewa msituni hadi maadui wanapouzingira. Hatua ya kwanza haimtaki mchezaji ashinde vita. Inamtaka amtoroshe Konrad akiwa hai kabla zamu hazijaisha. Mama, aliyekuwa akipita na birika, alisimama akatazama.

"Wanakimbilia wapi hawa?"

"Kaskazini, hooyo."

"Na maji wamebeba?"

Kijana hakuwa na jibu, maana waandishi wa mchezo hawakulifikiria swali hilo. Hata hivyo, mchezo ule ulikuwa na jambo ambalo mpira haukuwa nalo: maneno yake yote yamo katika mafaili yanayosomeka, na leseni inaruhusu kuyageuza. Akaanza kuyaandika kwa Kiswahili ili nduguye ayasome. Maadui aliwaita mazimwi. Wakazi wa msitu, wale wenye masikio yaliyochongoka, walimtatiza. Angewaita majini, mama angeukataza mchezo. Angewaita mizimu, msomaji angewadhania wafu. Hatimaye akawaita Wanamsitu. Na mahali ambapo mzee anamhimiza Konrad aondoke, aliongeza sentensi moja: wajaze vibuyu maji kwanza.

Tusidanganyane hapa. Leseni huria haifungui lango la kambi. Mwaka 2016 serikali ilitangaza kuwa Dadaab ingefungwa, na Mahakama Kuu ikauzuia uamuzi huo Februari 2017. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 nayo ikaahidi mengi. Katika yote hayo, kijana yule hakuulizwa neno. Mchezo haukulibadilisha hilo. Lakini kuna tofauti kati ya kupewa kitu na kupewa ruhusa ya kukibadilisha. Mgao humlisha mtu, ila haumwombi mchango wowote. Msimbo huria unamhesabu mkimbizi wa Dagahaley kuwa mwandishi mwenza, bila kumwomba kitambulisho.

Nasi wapenzi wa Kiswahili tuna la kujifunza. Mradi wa Kilinux, uliokishirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ukathibitisha kuwa lugha yetu yaweza kuendesha tarakilishi. Michezo, hata hivyo, tumeiacha kando kama upuuzi wa watoto, ilhali ndiko watoto wanakosomea siku hizi. Mtoto wa kambini bado huenda kibandani anapopata sarafu. Asipopata, huketi kando ya kaka yake na kusoma kwa sauti, akikwama hapa na pale, na neno lisipompendeza humwambia alibadilishe. Nalo hubadilishwa.