Msumari Usio na Kibati

Hasselt, Ubelgiji

Mdogo wangu mpendwa,

  

Ujumbe wako wa sauti, ule uliourekodi kilimani pale mtandao unaposhika, nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilifurahi mpaka nikasimama. Vijana wa kwetu Piyaya kwenda Arusha kuangalia Kombe la Mataifa ya Afrika kwa macho yao! Sisi tuliokuwa tukitembea hadi Malambo kutafuta kibanda umiza, tukasimama nyuma kabisa tukichungulia kioo kupitia mabega ya watu, halafu tukarudi usiku kwa miguu tukibishana njia nzima. Mara ya pili ndipo nilipolisikia neno Fuso. Umesema mmepata mtu mwenye Fuso la kubebea ng'ombe, mtapanda watu hamsini, mtaondoka alfajiri ya siku ya mechi na kurudi usiku uleule. Mara ya tatu nilitafuta mahali uliposema habari za kurudi. Ni maneno mawili tu: "tutarudi usiku".

Nakujibu kwenye gazeti kwa sababu najua Loliondo, Karatu na Mto wa Mbu nako wapo vijana wenye mpango kama wako. Tangu Septemba 2023, CAF ilipowapa Kenya, Uganda na Tanzania mashindano ya 2027, na hasa tangu uwanja wa watu takribani 30,000 uanze kuinuka pale Olmoti, Arusha, kila kijana wa kwetu anaiona Arusha kama ipo nyuma ya kilima. Haipo nyuma ya kilima. Naomba nikusimulie safari yangu moja ya mechi ya ugenini, na mzee aliyeipanga.

Unajua kilichonipeleka kwenye mpira wa huku. Nilipofika Ubelgiji mwaka 2016, Mbwana Samatta alikuwa amesajiliwa na klabu ya Genk Januari ya mwaka huohuo, akitokea TP Mazembe, ametoka kuchaguliwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Genk ni jirani na hapa ninapoishi. Ni mji wa makaa ya mawe. Migodi imekwisha kufungwa, wa mwisho mwaka 1988, na mwaka huohuo timu mbili za wachimbaji, Waterschei na Winterslag, ziliunganishwa ikazaliwa hii moja. Watu wake ni Wabelgiji, Waitalia, Waturuki, Wamoroko, watoto na wajukuu wa walioletwa kushuka shimoni. Siku ya kwanza nilipokaa jukwaani na kusikia watu elfu kadhaa wakilitaja jina la mtoto wa Mbagala, nililia, sikuona aibu.

Huku karibu kila kijiji kina klabu ya mashabiki, na klabu ina baa yake, na mbele ya baa ndipo basi linapowachukua watu. Nilijiunga na mojawapo. Mwenye kupanga safari alikuwa mzee mmoja, mchimbaji mstaafu, kifua chake kinakoroma kwa vumbi la miaka ya mgodini. Hakuwa mwenyekiti wala nani. Kazi yake ilikuwa daftari.

Tarehe 29 Agosti 2019, kule Monaco, droo ya Ligi ya Mabingwa ilitupanga na Liverpool, ambao Juni tu walikuwa wametwaa kombe lenyewe. Mechi ya Anfield, uwanjani kwao, ikawa tarehe 5 Novemba. Usiku ule wa droo watu walikuwa wanaimba, yeye akafungua daftari na kuanza kuandika kutoka chini ya ukurasa kwenda juu. Nilimuuliza kwa nini. Akanionyesha mstari wa chini kabisa: siku na saa ambayo kila mmoja anapaswa awe mlangoni kwake. Kutoka pale ndipo alipopanda. Ili wafike saa ile, basi litoke Anfield saa ngapi? Ili dereva aendeshe usiku ule, atakuwa amelala wapi mchana? Sheria za Ulaya humlazimisha dereva wa basi kupumzika dakika 45 kila akiendesha saa nne na nusu, na kwa siku ya kawaida asizidi saa 9. Kwa hiyo madereva wawili. Kwa hiyo bei inapanda. Kwa hiyo waanze kuchanga mwezi huuhuu, si Oktoba. Kwenda Anfield kulikuwa juu kabisa ya ukurasa, pameachwa nafasi ndogo tu.

Tiketi zilikuwa haba. Kanuni za UEFA huwapa wageni asilimia 5 ya viti, na Anfield wakati ule iliingiza kama watu 54,000, basi piga hesabu mwenyewe. Wenye tiketi za msimu walitangulia. Mimi nilipata kwa sababu sikuwa nimekosa mchango hata mwezi mmoja, na mzee alilitaja hilo mbele za watu.

Lakini wenzangu walihitaji tiketi tu, mimi nilihitaji na viza. Kibali changu cha kuishi Ubelgiji kinanifikisha Ufaransa, Ujerumani, Italia bila kuulizwa, ila Uingereza haimo katika mpango huo. Mbelgiji mwaka ule alivuka kwa kitambulisho cha nyumbani. Mimi nilipeleka alama za vidole, taarifa za benki, barua ya mwajiri, na pauni 95 ambazo hazirudi hata ukinyimwa. Pasipoti ikabaki kwao. Kwa wiki kadhaa nilikuwa nimelipia basi na tiketi, huku sijui kama nitasafiri. Katika karatasi zote zile nilizojaza, swali lililokuja kwa sura nyingi lilikuwa moja: utarudi vipi, na nini kinakufanya urudi? Pasipoti ilifika zikiwa zimebaki siku nne.

Tuliondoka saa saba usiku. Mlangoni mwa basi mzee alimpa kila mtu kibati cha shaba chenye namba. Mgodini kila mchimbaji alikuwa na kibati chake. Akishuka na akipanda, kibati kilihama, na ubao ukaonyesha nani bado yuko chini ya ardhi. Mzee alikuwa ametengeneza ubao wa namna hiyo, misumari hamsini, akautundika nyuma ya kiti cha dereva. Ukishuka basi unachukua kibati chako. Ukipanda unakitundika. Basi halisogei kama kuna msumari mtupu. Mimi nilikuwa namba 31.

Karibu na Calais, kabla ya treni inayobeba magari chini ya bahari, abiria wote hushuka kukaguliwa na Waingereza palepale upande wa Ufaransa. Wenzangu walipita kama maji. Mimi nikawekwa kando, nikakalishwa kwenye benchi. Yule ofisa hakuwa mkali, alikuwa anauliza tu, taratibu, tena na tena. Unakwenda wapi, umelala wapi jana, unafanya kazi gani, unarudi lini, kwa njia ipi. Dirishani nililiona basi, taa zinawaka. Nikaiona na saa ya treni yetu ikipita.

Mdogo wangu, hapo nilikata tamaa. Nilijiambia hawa wana haki ya kuondoka. Wamelipa, ni watu hamsini, na mimi ni mmoja, mgeni, tena sababu ya kuchelewa ni pasipoti yangu. Nilipotoka, karibu saa mbili baadaye, basi lilikuwepo. Mzee amesimama mlangoni kwenye baridi, bila kofia. Vijana wawili walikuwa wamemwambia tuondoke, huyu atatukuta kwa treni. Baadaye niliambiwa alichowajibu: kwenye ubao kuna msumari hauna kibati. Basi. Hakuongeza neno. Nikatundika 31, tukapanda treni iliyofuata.

Tulifika Liverpool mchana, uchovu umetukaba. Kabla ya kutafuta chakula mzee alitupeleka nje ya uwanja, kwenye ukumbusho wa Hillsborough, ule wenye mwali usiozimwa. Majina 96 wakati ule, sasa ni 97. Aprili 15, 1989, watu wa Liverpool walisafiri hadi uwanja wa Hillsborough, Sheffield, kwa mechi ya nusu fainali, wakabanwa jukwaani hadi kufa. Mwaka 1985 mzee mwenyewe alikuwa na rafiki waliyeshuka naye shimoni, aliyekwenda Brussels, uwanja wa Heysel, kuwaona Liverpool na Juventus. Watu 39 walikufa siku ile, wengi wao Waitalia. Rafiki yake alirudi, lakini hakutaka tena kuingia uwanja wowote. Mzee aliweka skafu ya bluu na nyeupe chini ya majina yale, akakaa kimya muda mrefu. Nami nikaliwaza korongo la Rhotia, pale Karatu, Mei 2017, basi la wanafunzi lilipotumbukia. Zaidi ya watoto 30 walikufa. Walikuwa wanakwenda kufanya mtihani na kurudi, safari ya asubuhi moja.

Mechi uliiona, au uliisikia redioni. Wijnaldum alitangulia kutufunga. Dakika ya 40 ikaja kona, Samatta akapaa, kichwa, wavu. Anfield! Mtanzania! Mtu aliyekaa pembeni yangu, Mturuki, simfahamu, alinikumbatia mpaka miwani yangu ikaanguka. Kipindi cha pili Oxlade-Chamberlain akawapa la pili, ikaisha 2 kwa 1. Tumefungwa, nami hadi leo kichwa kile ninakiona nikifumba macho.

Saa za kurudi zilikuwa ndefu, usiku, mvua. Kila tuliposimama kujisaidia, vibati vililia kwenye misumari, ting, ting, na mzee akawa anatazama ubao. Pale ndipo nilipomkumbuka papa, baba yetu, langoni jioni. Kwetu mifugo haihesabiwi kwa namba, unajua. Papa anasimama tu, anatazama rangi na pembe zinavyopita, halafu anasema: yule mwekundu mwenye sikio lililochanika hayupo. Hakosei.

Sasa turudi kwenye mpango wako. Fuso hapana. Lori la ng'ombe halina viti, halina mikanda, na ukiwa juu ukisinzia hakuna wa kukudaka. Ile njia ya Malambo, Sale, kushuka Ngaresero chini ya Oldoinyo Lengai, Engaruka hadi Mto wa Mbu, wewe unaijua kuliko mimi. Lami ya kutoka Wasso imefika Sale, kilomita 49, nayo haipiti Piyaya. Sehemu iliyobaki ni mawe, vumbi na makorongo mpaka mkaikute lami ya Mto wa Mbu. Kodisheni Coaster mbili zenye leseni ya abiria, madereva wawili kila moja. Mkilazimika kupita Ngorongoro na Karatu, kumbukeni geti la Lodoare hufungwa saa kumi na mbili jioni, na mteremko wa Rhotia usishukwe na dereva aliyekesha. Ondokeni siku moja kabla. Usiku wa mechi laleni Arusha, hata kama ni sakafuni kwa ndugu, mrudi asubuhi.

Fedha ndiyo inayowasukuma kwenye Fuso, najua. Ndiyo maana nakuandikia mapema. Kila mmoja auze mbuzi wakati mifugo ingali na mafuta ya masika, kabla kiangazi hakijawapunguzia bei, fedha zitunzwe na mtu asiyekwenda. Nitawajazia pengo la madereva wa pili, hilo niachie. Ila msilipie gari lote kabla ya ratiba kutoka, maana Taifa Stars inaweza kupangwa Dar es Salaam, na Arusha mkaikuta mechi ya wageni watupu. Amueni mapema kama mtakwenda hata hivyo. Mimi ningekwenda.

Namba za NIDA, za kitambulisho cha taifa, anzeni kuzitafuta sasa. Morocco, kwenye mashindano yaliyopita, shabiki hakuingia bila kitambulisho cha shabiki kilichoombwa kwa programu ya simu. Hata kama kwetu wataweka utaratibu mwingine, jina lako litatakiwa liwe mahali fulani. Na mkishafika uwanjani, msitegemee simu. Watu elfu thelathini wakipiga kwa pamoja mtandao unazama. Chagueni mahali pa kukutania pasipohama, mpaoneshe kila mmoja kabla ya kuingia.

Umesema yeyo, mama yetu, naye anataka kwenda. Nimefurahi kuliko yote. Kiti cha mbele, dirishani, na dawa zake za presha zibebwe na watu wawili tofauti. Kazini kwangu, ninakohudumia wazee, hilo hatulikosei.

Yule mzee amefariki, kifua kilimshinda. Mjane wake aliniita akanipa ubao, na mfuko wa vibati hamsini. Nitakutumia kwa mtu anayekuja Arusha.

Lakini kwanza kaa na papa jioni, baada ya ng'ombe kuingia, umuulize kama angekubali kuja nanyi. Asikie kutoka kwako, si kwangu. Najua mpira haumvutii, na atauliza ng'ombe wataachiwa nani. Mwambie hatumwiti kuangalia mpira. Asimame tu mlangoni mwa gari, kila linapotaka kuondoka, awatazame mnavyopanda. Akikubali, nijulishe, vibati nibaki navyo.

Ni mimi kaka yako.