Nyumba Iliyobaki Shamba Liliposhindwa

Akina mama tuishio Mwadui twaijua nyumba ya kazi. Tangu Dk. Williamson alipogundua almasi hapa mwaka 1940, zimejengwa nyumba, hospitali na shule, na wengi wetu tumepanda maua mbele ya mlango usio wetu. Kazi ya baba ikiisha, funguo hurudishwa. Basi ukijaliwa kufika Nairobi, usiache kwenda Karen, karibu na vilima vya Ngong. Iko nyumba pale yenye somo kwetu.

Nyumba hiyo ilijengwa mwaka 1912 na Åke Sjögren, mhandisi kutoka Uswidi. Mwaka 1917 ikawa makao ya Karen Blixen, mama wa Kidenmark, na mumewe Bror. Haina ghorofa. Kuta zake ni za mawe ya kijivu, paa ni la vigae vyekundu, na veranda yake yatazama vilima. Ndani, baadhi ya kuta zimefunikwa kwa mbao. Jiko limejengwa peke yake, nyuma ya nyumba, na limewekwa stovu ya kuni ya chuma. Mama yeyote ataelewa sababu: moshi, joto na hatari ya moto vikae mbali na vitanda. Mpishi mashuhuri wa nyumba hiyo alikuwa Kamante Gatura, Mkikuyu, ambaye Mama Karen alimfahamu akiwa mtoto mwenye vidonda miguuni.

Nyumba ilikuwa imara, lakini kahawa haikustawi. Shamba lilikuwa juu mno, kwenye baridi. Mwaka 1923 kiwanda cha kahawa kiliungua. Mwaka 1925 ndoa ikavunjika. Mwaka 1931 shamba likauzwa, na vyombo vya nyumbani vikauzwa pia. Mama Karen akarudi Denmark, wala hakuiona tena nyumba yake hadi alipofariki mwaka 1962.

Wala si yeye peke yake aliyehama. Familia za Kikuyu zilizoishi shambani nazo zilitakiwa kuondoka, ingawa wengi wao walizaliwa palepale. Kabla ya safari, Mama Karen alizunguka ofisi za serikali akiomba wasitawanywe, mpaka wakapewa mahali pamoja huko Dagoretti.

Kenya ilipopata uhuru, Denmark iliinunua nyumba na kuitoa zawadi. Kikaanzishwa chuo cha lishe, na nyumba ikawa ya mkuu wa chuo. Mwaka 1986 ikafunguliwa kuwa makumbusho, na baadhi ya vyombo vilivyouzwa vikarudishwa.

Ukipita katika vyumba vile, mama mpendwa, utaona usafi na uzuri wa kuvutia. Lakini jiulize: je, sisi kwetu ni wapi? Ongea na mwenzako mapema, wakati mshahara bado unaingia. Kiwanja kidogo na matofali machache kila mwaka ni afadhali kuliko kungoja siku ya kurudisha funguo.